Yukata ya Mzee Nagai

Ijumaa hiyo Chizuru alikuwa na mtihani wenye swali moja, na swali lenyewe ni Mzee Nagai. Mzee amepooza mkono mmoja, na katika nyumba nzima ya kutunzia wazee hakukubali kuvalishwa na mtu ila Bi Okuda. Sasa magoti ya Bi Okuda yamemgomea, anastaafu mwisho wa mwezi. Chizuru akimvalisha mzee vizuri, nafasi ni yake. Akishindwa, anarudi kufua mashuka, ambayo angalau hayalalamiki.

Kwa kuwa hakuwa na muda wa kumfundisha kila siku, Bi Okuda alijirekodi kwa simu akivaa yukata, lile vazi jepesi la Kijapani la baada ya kuoga: mkono mgonjwa kwanza, kisha mzima, pande zipandane kifuani, mkanda. Chizuru aliipenda video hiyo mno. Aliitazama kitandani, kwenye treni, hata akipiga mswaki, na alipojizoeza akakosea mara ya arobaini, Bi Okuda wa kwenye simu alizidi kutabasamu. Bi Okuda mwenyewe angekuwa ameshaguna mara tatu.

Basi akamvalisha mzee kama alivyoona. Mkono haukuvutwa, mkanda ukakaa. Alikuwa tayari anajipongeza moyoni, mzee alipoinamia kifua chake.

"Mjukuu wangu, nimekufa lini?"

Chizuru akakodoa macho.

"Umeweka upande wa kulia juu. Hivyo huvalishwa maiti. Haya, niwashie na ubani, na umwambie dada yangu asijilize sana, tunajuana."

Akajilaza, akafumba macho, na mkono wake mzima akauweka tumboni kistaarabu kabisa. Bi Okuda alipofika mlangoni, taulo zilimponyoka.

Chizuru alitamani sakafu immeze. Akatoa simu, akasema alifuata video tu. Bi Okuda akatazama, akatazama tena, uso ukamshuka: alijirekodi kwa kamera ya mbele ili aone kama nywele zimekaa, nayo simu ikageuza kila kitu kama kioo. Kulia kumekuwa kushoto. Akasema anaifuta sasa hivi.

"Usiifute, Bi Okuda," Chizuru akaomba. "Hiyo ndiyo niliyoweza kuirudia bila kuona aibu."

"Lakini haikukusikia ukikosea."

"Hata mimi haikunisikia," maiti ikasema.

Chizuru akaiweka simu kifudifudi mezani. Akamwinua mzee, akafungua mkanda, akaanza upya, na safari hii hakuwa na pa kutazama ila usoni pake. Alipoona jicho lake moja limebanwa kidogo, akasita.

"Bega linauma, babu?"

"Linauma tangu Januari. Wewe ndiye wa kwanza kuuliza."

Bi Okuda akageuka kuokota taulo, akachukua muda mrefu kuziokota. Kisha akasema bila kuinua kichwa kwamba kuanzia Jumatatu mzee ataogeshwa na kuvalishwa na Chizuru.

Video wakaitengeneza upya alasiri hiyo, kwa kamera ya nyuma, mzee akiwa ndiye mfano, baada ya kudai achanwe nywele. Chizuru alipofunga mkanda, mzee akaitazama simu kwa ukali.

"Na wewe unayetazama," akasema, "uliza kwanza bega."