Alama ya Pasi Kwenye Bendera

Alama ya pasi iko pale pale kwenye mstari mweupe, ya kahawia, imechongoka mbele kama pasi yenyewe. Wameiwekea kioo na taa ndogo. Chini wameandika: "Kovu la moto wa ukombozi." Nilisoma mara mbili, nikacheka hadi mlinzi wa makumbusho akanigeukia. Moto wa ukombozi ulikuwa makaa ya mama, na aliyezembea ni mimi.

Kando ya kioo alisimama Karani, kijana wa ofisi ya serikali enzi zile, sasa mzee wa nishani tatu, akiwaeleza wageni jinsi mstari ule ulivyomjia akiwa katika maombi. "Kijani ni ardhi, bluu ni maji. Nikajiuliza, amani je, iko wapi?" Wageni wakatikisa vichwa kwa heshima. Mtu akizeeka na uongo wake huishia kuuita kumbukumbu.

Amani ilikuwa imetandikwa kitandani kwangu. Miaka arobaini iliyopita, siku moja kabla ya sherehe ya uhuru, Karani alikuja kwenye chumba cha mama cha ushonaji na vitambaa viwili na mchoro uliojaa mihuri. Bendera mpya ilitakiwa ilingane na ile ya mkoloni inayoshushwa, isipungue hata kidole, nchi isije ikaonekana imesinyaa. Mama akashika mkasi. Karani akamnyang'anya. Kitambaa cha serikali, alisema, hakikatwi na mtu asiyejua kusoma.

Akakata mwenyewe, ulimi nje, sawasawa na vipimo vya mchoro.

"Mwanangu," mama alimwambia taratibu, "mbona hukuacha nafasi ya mshono?"

"Vipimo vimetoka ofisini, mama. Wewe shona tu."

Mama akashona. Mshono wa kati ukala sehemu yake, pindo la juu likala, la chini likala, na bendera ikapungua vidole vinne. Karani alipoipima aliketi sakafuni na suruali yake iliyonyooshwa, akalia kwa kwikwi. Maduka yalikuwa yamefungwa. Mimi nilimdharau waziwazi. Mama alimletea maji. Kisha akaingia chumbani, akatoa shuka langu kitandani, akachana utepe mweupe na kuushona katikati. Akanipa kazi ya kuupiga pasi. Nje bendi ilikuwa ikifanya mazoezi, nami nikasogea dirishani kuitazama, pasi nikaiacha imelala juu ya utepe.

"Kwa mbali haitaonekana," mama alisema, na hakunigombeza.

Wiki iliyofuata Karani alirudi na karatasi: kwamba fundi alishona kwa kufuata maelekezo yake yote. Nikamsomea mama. "Mwambie aandike na shuka," mama akasema. Karani alinitazama mimi, akataja kwamba ofisini kwao wanatafuta mpiga chapa.

Nikasaini kwa niaba ya mama. Nilikuwa na miaka ishirini na sikuwa mjinga, na hilo ndilo linaloniuma. Miaka thelathini nilikaa katika ofisi ile nikiwabeza wanaojikomba kwa wakubwa. Nyani haoni kundule.

Sasa mama ana miaka themanini na tatu, na macho yamekwisha. Ndiye aliyenituma makumbusho. "Nenda ukaseme ni shuka letu," alisema. "Nataka nife likiwa limesemwa."

Karani akaniona, akanivuta mkono mbele ya wageni. "Huyu hapa binti wa fundi wangu. Alikuwepo. Sema, binti, uwaambie."

Wote wakanigeukia. Nilikuwa na maneno tayari, niliyafanyia mazoezi njia nzima. Ndipo nikaiona ile karatasi ukutani nyuma yake, ndani ya fremu, na chini kabisa mwandiko wangu mzuri.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akaendelea na ardhi na maji.

Nilimkuta mama ameketi kwenye kiti chake, magauni ya kutia viraka mapajani.

"Umesema?"

"Wamelitunza vizuri, mama. Wameliwekea hadi taa."

"Nimeuliza kama umesema."

Alipapasa sindano iliyochomekwa begani mwa gauni lake, akaninyooshea pamoja na uzi, kama afanyavyo kila siku. Nilijaribu kutunga mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uzi ulipita pembeni kila mara.

"Lete," mama alisema, akakinga kiganja. "Nitatunga mwenyewe."