Nanga ya Datu Mangubat

Katika utumishi wangu wote wa majini nimepigana vita vya aina moja tu, vya kutu, na hata hivyo nadhani tulitoka sare. Nilikuwa serahangi wa meli ya kivita Datu Mangubat, yaani bwana wa sitaha, kamba, nanga na makopo ya rangi.

Meli yenyewe ilikuwa mtumba wa mtumba. Wamarekani waliitumia kutegua mabomu ya baharini, wakaipa jina la ndege mmoja wa kwao. Wakawapa Wavietnam, nao wakaipa jina la mto. Saigon ilipoanguka ikakimbilia kwetu Ufilipino, imejaa watu hadi juu ya mizinga. Mmoja wao alikuwa msichana mdogo, Lien, ambaye baadaye alikosa bahati akaolewa na mimi.

Kwa hiyo tuliposikia wakaguzi wanakuja bandarini kwetu Cavite kuamua meli ibaki au ikatwe iwe chuma chakavu, nilimwahidi Lien kwamba haitakatwa.

"Utafanya nini?" akauliza.

"Nitaipaka rangi."

"Baba Nilo, hiyo ndiyo dawa yako ya kila kitu. Mlango wa choo chetu haufungi kwa sababu hiyo hiyo."

Lakini ndani ya meli yetu ndivyo tulivyozoea: mkubwa akija, paka. Mafuta yalikuwa haba, tulishinda tumefungwa gatini, na brashi haihitaji mafuta. Nikapaka kila kilichosimama, na nanga pia, mpaka ikang'aa kama sahani ya harusi.

Mpishi wetu, Isagani, akapita na sufuria ya wali wa kukaanga. "Serahangi, hapo ndani chuma bado kipo, au ni rangi tupu?"

"Pita zako, usije nawe ukapakwa."

Mkaguzi mkuu, Kamanda Belarmino, alipitisha kidole ukutani akatabasamu. Nikavimba kichwa. Kisha akaomba jambo dogo tu.

"Shusheni nanga."

Nikafungua breki ya mnyororo. Kimya. Nikapiga teke, nikaumia mimi. Isagani akaleta nyundo, tukagonga mpaka jasho likatutoka, nanga haikutikisika. Rangi yangu ya miaka yote ilikuwa imeigandisha kwenye tundu lake.

"Afande," nikasema, "inawaonea haya wageni."

Kamanda hakucheka. "Meli ya kivita isiyoweza kutia nanga ni nyumba tu," akasema. Ikahukumiwa kukatwa.

Nilishindwa kumtazama Lien usoni. Siku zilizobaki nikachukua patasi nikawa nakwangua ile nanga, bila kutumwa na mtu. Rangi yangu ilibanduka mapande kwa mapande, mazito kama ukoko wa wali. Chini yake ilikuwa ya Wavietnam, na chini kabisa ya Wamarekani. Zao zote mbili hazikufikia unene wa ukucha. Bidii yote iliyobaki ilikuwa yangu. Iliniuma sana.

Siku ya kuiaga meli tulishusha bendera, na wakataji chuma wakaivuta meli hadi katikati ya ghuba. Mimi na Lien tulisimama gatini. Tukasikia mnyororo ukinguruma, na nanga ikazama mara moja, bila kusita.

Lien akanishika mkono. Kucha zangu bado zilikuwa na rangi ya kijivu.

"Kumbe inashuka," akasema.