Puanani Anakwenda Kauai

Daktari alipomruhusu Puanani kurudi baharini, mwanawe Kaleo alizifungia stoo mbao za mama yake za kuteleza kwenye mawimbi na kutia ufunguo mfukoni. Nyonga ya mama ilikuwa imepona, lakini Kaleo hakuamini. Puanani hakugombana naye. Aliketi jikoni na bakuli lake la poi, uji mzito wa magimbi, akampigia simu rafiki yake Haunani, aliyeishi kisiwa cha Kauai.

“Nakuja Jumamosi,” alisema kwa sauti ya kusikika hadi sebuleni. “Nitafutie ubao mrefu. Wangu umetekwa nyara.”

Kaleo akaingia. “Mama, una miaka sitini na tatu. Utavunjika tena.”

“Nilivunjikia bafuni, mwanangu. Mbona bafu hukulifunga?”

 Kaleo akautoa ufunguo mfukoni, akauweka mezani.

“Kaa nao,” Puanani alisema. “Haunani hakosi ubao. Wewe nibebee begi tu hadi uwanja wa ndege, na njiani usinihubirie.”

Jumamosi Kaleo alibeba begi, kimya. Mama alipanda ndege akichechemea kidogo, kichwa juu, na hakugeuka nyuma.