Laini Iliyobaki kwenye Droo

Hakathoni ile ya Musoma, mashindano ya vijana kubuni programu za kompyuta, ilifana, na Jenipher, mwandaaji wake, alivimba kichwa hasa. Siku mbili, vijana arobaini, ukumbi wa kukodi Mwisenge, na sheria moja aliyoitunga mwenyewe: kila kundi likae meza moja na mwenye tatizo wanalolitatua. Ndivyo Bhoke, mchuuzi wa dagaa wa Mwigobero, alivyojikuta katikati ya kompyuta, akiwaeleza wasomi jinsi upepo unavyogeuka ghafla ziwani na kuzamisha mitumbwi inayowavusha kwenda kununua dagaa.

Kundi lake likashinda. Ziwa likitaka kuchafuka, mtambo wao unamtumia mchuuzi ujumbe wa simu: usivuke. Asipopata, avuke. Majaji walipiga makofi. Hawakujua, wala Bhoke hakujua, kwamba mtambo haukuwa tayari, na kwamba kijana mmoja, Eliasi, alikaa nyuma ya ukumbi akiandika ujumbe kwa mkono. Jenipher alijua. Maonyesho ni maonyesho, alijiambia.

Eliasi, kwa moyo wake mwema, aliendelea kusoma utabiri kila alfajiri na kuwaandikia wachuuzi. Alipopata kazi Bunda, akamrudishia Jenipher laini ya simu aliyotumia kuwaandikia. Jenipher akaitupa kwenye droo, akasema Jumatatu atashuka Mwigobero kuwaambia kina mama kwamba huduma imekwisha. Lakini angewatazamaje usoni? Jumatatu tatu zikapita.

Alhamisi mtumbwi ukazama. Bhoke alizikwa kwao Butiama. Asubuhi ya mazishi Jenipher aliitoa laini kwenye droo, akaitia kwenye simu, ujumbe mmoja ukaingia. Aliusoma akakaa chini sakafuni.

Msibani, mama yake Bhoke, Nyamburi, alimshika mkono akamkalisha kwenye mkeka.

"Shikamoo, mama. Pole sana."

"Marahaba, mwanangu. Watu wanasema Bhoke alikuwa mkaidi. Eti mlimwandikia asivuke, yeye akavuka. Bhoke hakuwaga mkaidi. Niambie, mlimwandikia?"

Wanawake waliokuwa wakichambua mchele wakageuka kumtazama Jenipher. Jenipher angeweza kusema mtandao ulisumbua. Nani angebisha? Uongo ulikuwa umeshamfika kwenye ulimi, naye aliuchukia na kuutamani kwa pamoja.

"Hatukumwandikia, mama. Tuliacha kuandika tangu mwezi uliopita, na sikuwaambia. Yeye ndiye aliyetuandikia."

Akatoa simu, akasoma: "Dada Jeni, naona wingu jeusi huku, ila hamjatuma ujumbe. Basi ni salama. Navuka. Asanteni kwa kutujali."

Nyamburi hakulia. Alitazama nje, walikokaa wanaume waliomwita mwanawe mkaidi.

"Simama," alisema. "Soma tena, kwa sauti. Na wao wasikie."

Jenipher akasimama. Alisoma tena, neno kwa neno, na alipofika kwenye asanteni, akaishusha simu. Nyamburi akamngoja hadi akamaliza.