Desturi Isiyokuwepo Songea

Blandina Komba alikuwa mtu wa kucheka. Naanza na hilo kwa sababu ndilo nililowaficha wenzangu siku waliponiuliza.

Tulijuana mwaka 1993, Minneapolis, kwenye chakula cha wanafunzi wa Afrika Mashariki. Yeye alikuwa amefika kutoka Songea kusomea uuguzi, na Jumamosi na Jumapili alifanya kazi katika nyumba ya wazee huko Saint Paul. Mimi natoka Nyamira. Nilikuwa nimeacha masomo ya uhandisi na kuajiriwa kuendesha mashine ya filamu katika jumba dogo la sinema, jumba la viti mia na hamsini hivi, na kazi hiyo niliipenda kuliko nilivyowahi kupenda hesabu. Alinicheka kwa Kiswahili changu. Alisema Wakenya tunaongea kama watu wanaoshuka ngazi kwa haraka. Wazazi wake wote wawili walikuwa hai, ndugu zake sita walikuwa hai, hata bibi yake. Hakuwa na mtoto. Kufiwa alikuwa hajakujua, na mara moja aliniambia kwamba jambo hilo humtia hofu, kama mtu ambaye mvua haijamnyeshea kwa muda mrefu.

Somo la maigizo alilichukua kwa sababu tu saa zake ziliingiana na za basi. Mwalimu akamwona. Baada ya hapo Keziah, mwanafunzi wa filamu kutoka Nakuru, akamwomba aigize katika filamu yake ya dakika kumi na nane.

Ilikuwa hadithi ya mama anayeishi Marekani, amemwacha mtoto wake nyumbani kwa bibi. Kuna msafiri anayerudi Afrika, na yule mama anapanga nguo mpya za mtoto ndani ya begi ili zipelekwe. Simu inalia. Anaambiwa mtoto amefariki asubuhi hiyo. Basi, filamu yote ilikuwa hapo, katika dakika nne za mwanamke na simu.

Dakika nne hizo Blandina alizifanyia mazoezi jikoni kwangu kwa wiki sita. Mimi nilikaa kwenye kiti karibu na jiko, nikiwa ndiye sauti ya bibi upande wa pili wa simu. Kwanza alilia. Alilia vizuri sana, lakini alipomaliza alifuta uso akasema, "Hapana. Huyu mama akilia, wanaotazama watapumzika." Siku nyingine aliangusha simu. Siku nyingine alikaa sakafuni. Alijaribu kucheka, ikawa mbaya, akacheka kweli kwa ubaya wake. Usiku alinipigia kuniuliza kama mkono wa kushoto ungetetemeka kwanza au wa kulia.

Wiki ya tano aliipata. Aliishika simu kwa bega, akaendelea kukunja. "Ndiyo, mama," alisema. "Ndiyo. Nimesikia." Akachukua kishati kidogo cha njano, akaona lebo ndani ya ukosi, akaing'oa kwa meno, polepole, asichane kitambaa. Lebo hukwaruza shingo ya mtoto. Kisha akakilaza kile kishati ndani ya begi, akalifunga.

Sikuweza kusema maneno ya bibi yaliyofuata. Yeye akanitazama, akajua amefika, akaanza kucheza dansi na kikapu cha nguo.

Masika ya mwaka 1995, filamu ile ikakubaliwa katika tamasha dogo la filamu fupi la Saint Paul. Kwa miaka miwili nilikuwa nawaendeshea mashine yao, na mwaka huo wakaniomba niwe mmoja wa waamuzi watatu. Walisema wamechoka na maprofesa, wanataka mtu anayetazama filamu kila siku. Mwamuzi wa pili alikuwa mwandishi wa gazeti. Wa tatu alikuwa Bi. Lindquist, mwalimu mstaafu wa maigizo, mama wa miaka sabini aliyevaa viatu vya theluji hata ndani ya nyumba.

Nilipaswa kuwaambia kwamba Blandina ni mchumba wangu. Sikuwaambia. Kwa Blandina nilisema, "Wakifika kwenye filamu yenu, nitatoka nje." Akasema ndivyo inavyofaa, akaniamini.

Mwigizaji bora wa kike angepewa nafasi ya mwaka mzima katika shule ya uigizaji New York. Jioni moja, akimenya viazi, Blandina aliniuliza kama akipata nitamfuata. Nikasema bila shaka. Lakini miezi miwili kabla ya hapo nilikuwa nimemwandikia baba yangu mdogo aandae barua ya posa ipelekwe Songea, na nilijua moyoni kwamba mtu akipelekwa New York na kipaji kama kile, hatarudi kumenya viazi katika jiko la mwendesha mashine. Hayo ndiyo yalikuwa mawazo yangu. Siyapambi.

Tulikutana Jumamosi mchana katika ukumbi wa chini wa maktaba. Nje theluji chafu ilikuwa inayeyuka kando ya barabara. Ilipofika zamu ya waigizaji wa kike, walibaki wawili: Blandina, na msichana wa Duluth aitwaye Kirsten, aliyeigiza mgonjwa wa saratani.

"Yule alinyoa nywele zake kweli," alisema mwandishi wa gazeti. "Alipungua kilo saba. Hiyo ndiyo kazi."

"Kunyoa ni kazi ya kinyozi," alisema Bi. Lindquist. "Mimi siwezi kuusahau mdomo wa yule mwanamke ukishika lebo. Sijaona kitu cha namna hiyo kwa miaka mingi." Kisha akanigeukia. Aliuliza kwa nia njema kabisa; naliona jambo hilo hata leo. "Lakini wewe unatoka upande ule wa dunia, Nahashon. Tuambie. Ile aliibuni yeye, au ndivyo watu wenu wanavyopokea msiba?"

Mlango ulikuwa hatua tatu kutoka kwangu. Ningeweza kusimama na kusema, sitoi neno juu ya huyu, ni mchumba wangu. Au ningeweza kuwaeleza habari za wiki sita jikoni.

"Ni desturi," nikasema. "Kwetu mtu akipata habari ya msiba, humaliza kwanza kazi iliyo mkononi. Ukiiacha katikati, unaita msiba wa pili."

Maneno yalitoka laini, kana kwamba nimeyasikia kwa bibi yangu. Hakuna aliyewahi kuyasema duniani kabla yangu.

"Kumbe," alisema mwandishi. "Basi haigizi. Mama yeyote wa huko angefanya vile."

"Anafanya alivyolelewa," nikasema.

Bi. Lindquist alivua miwani, akaitazama karatasi yake kwa muda. "Sikujua," alisema. Akaandika jina la Kirsten.

Siku ya tuzo Blandina alivaa gauni la kitenge alilotumiwa na mama yake. Jina la Kirsten liliposomwa alipiga makofi, na nilipomtazama kwa pembeni sikuona kinyongo. Ndani ya gari aliniambia, "Yule dada ameigiza vizuri. Umeona alivyoishika ile glasi ya maji, kama ina uzito wa ndoo?" Nikasema nimeona. Tulipokaribia daraja la mto akauliza, "Ulitoka nje, kama ulivyosema?"

"Nilitoka."

"Vizuri," alisema, akaegemeza kichwa begani kwangu. Kwa wiki tatu tulikaa hivyo, na nataka niseme ukweli: nilikuwa na furaha. Nilimnunulia redio. Nilianza kuulizia nyumba ya vyumba viwili huko Eagan.

Kisha barua ikaja. Sikujua kwamba maoni ya waamuzi huchapwa na kutumwa kwa kila mwongozaji. Keziah alimpa Blandina ya kwao chuoni, naye akaja nayo kwangu, akaisoma amesimama karibu na sinki. Waliisifu kamera, wakasifu sauti. Kisha akanisomea sehemu yake, akiigeuza Kiswahili neno kwa neno.

"'Tuliguswa sana na Bi. Komba. Hata hivyo tumefahamishwa kwamba katika nchi yake ni desturi kumaliza kazi iliyo mkononi baada ya kupokea habari za kifo. Kwa hiyo tuliona kwamba hapa tunatazama utamaduni zaidi kuliko uigizaji.'"

Alirudia kimya kimya, midomo ikisogea. Kisha akauliza, "Kwenu Nyamira kuna desturi hii?"

"Sijui. Labda zamani."

"Labda zamani." Aliiweka barua mezani. "Kwetu Songea mtu akifiwa analia, Nahashon. Mikeka inatandikwa, majirani wanakuja wanalia naye. Ugali ukiwa motoni unaungua. Hakuna anayemaliza kazi. Wale wenzako wawili wangeyapata wapi maneno haya?"

Nilitazama lile jiko, yale makabati.

"Ulikuwepo ndani," alisema.

"Nilikuwepo."

Nilitegemea apige kelele. Alivuta kiti, akakaa, na sauti yake ikawa ndogo kama ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Ungewaambia nilikuwa mbaya, ningekubali. Ungewaambia Kirsten amenishinda, huenda ni kweli, mimi nilimpigia makofi. Lakini wewe ulikaa kwenye kile kiti wiki sita. Uliniona nikikosea. Hakuna mtu mwingine duniani aliyeniona nikikosea."

"Niliogopa utaenda New York."

"Ningeenda," alisema. "Halafu ungekuja, au ningerudi, au tungeshindwa. Hayo yangekuwa yetu wawili."

Alisuuza kikombe alichonywea chai, akakifunika kwenye kichanja cha vyombo, akavaa koti. Nilimwomba akae. Alisema ana zamu kesho asubuhi. Nilimsikia akishuka ngazi, si haraka wala polepole. Barua ya posa ilikuwa imeshafika Songea. Aliandika mwenyewe kwa wazazi wake kwamba wairudishe.

Niliwaandikia wenye tamasha, nikakiri yote. Walijibu kwa adabu kwamba matokeo hayabadilishwi, na kwamba hawatanihitaji tena. Kirsten alikuwa tayari New York, na hakuwa amekosa lolote. Bi. Lindquist nilimpigia simu. Nikamweleza yote. "Mimi ndiye niliyeuliza," alisema. "Nilikuwa na macho yangu mwenyewe, nikaomba ya kuazima." Alimwandikia Blandina barua. Sijui ilisema nini wala kama ilijibiwa.

Vuli ile Keziah alimwita Blandina katika filamu nyingine. Alikwenda siku mbili. Nilikutana na Keziah kituo cha basi, akanieleza, bila kujua anamweleza nani. "Nashi, sijui nini ilimpata. Alikuwa anasimama katikati ya maneno ananiuliza, hapa naigiza ama niko tu hivi? Namwambia endelea, dada, uko sawa. Anasimama tena. Siku ya tatu hakukuja."

Nikamwambia Keziah kila kitu palepale. Basi lake lilipofika alipanda bila kuniaga, na hatukuongea kwa miaka mitatu.

Kiangazi cha 1998 Keziah alikuwa anarudi Kenya moja kwa moja, na shemeji yake akamwandalia karamu ya kumuaga, uani kwake Maple Grove. Nilialikwa. Nadhani alitaka kuondoka bila ugomvi na mtu. Palikuwa na nyama choma, watoto wanakimbizana kwa Kiingereza, wauguzi wengine bado na sare zao. Blandina alikuwepo. Alikuwa muuguzi katika hospitali moja ya Saint Paul, ameolewa, ana binti wa miezi minane aliyelala begani kwake. Alikuja mwenyewe kunisalimia. Aliniuliza habari za mama yangu kwa jina. Nilipoanza kuomba radhi alinigusa mkono.

"Nilishasamehe, Nahashon. Usijitese. Ila kile kitu hakikurudi." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Zamani nilikuwa nafanya jambo na najua nalifanya. Siku hizi wagonjwa wakifariki, nikisimama na jamaa zao, najiangalia tu, sijui yupi ni mimi na yupi anaigiza."

Mtoto akaamka, Blandina akaenda kumtafutia chupa. Hatukuzungumza tena.

Nilikuwa natafuta funguo za gari mumewe aliponifikia. Eugene, Mtanzania mpole, fundi wa mashine za eksirei. Alikuwa ameshika sahani mbili, akanipa moja. "Nasikia mmejuana na mke wangu tangu zamani," alisema. "Keziah ametaja filamu sasa hivi. Filamu gani? Mimi sikujua aliwahi kuigiza."

"Ilikuwa fupi," nikasema. "Ya wanafunzi."

"Alikuwa mzuri?"

Nilimweleza. Nilimwambia nimetazama filamu kwa miaka minane, za watu wakubwa na wadogo, waliopewa sanamu za tuzo na wasiopewa, na sijaona anayemfikia. Eugene alicheka kwa furaha, kama mume anayesifiwa mke na mgeni mwenye adabu. Alisema basi jioni hii akifika nyumbani atamwambia amwonyeshe kidogo.

Nikamwomba asimwambie.