Ujuzi Unaohamishika wa Mchungaji Wiarda

Kanisa letu lilipofungwa, waumini tuliobaki tulitosha benchi mbili, na wale wa benchi ya pili walikaa huko makusudi ili wasisikie vizuri. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga kinanda. Wazee wa kanisa wakakutana, wakanywa kahawa, wakaomba, wakaliuza jengo kwa mtu wa Groningen aliyetaka kuligawa liwe nyumba za kupanga. Alituambia ameyapenda sana madirisha.

Mali ambayo haikupata mnunuzi ilikuwa mchungaji.

Sietse Wiarda alikuwa na umri wa miaka hamsini na mitatu, mrefu, mgongo umepinda kidogo kwa kuinamia milango mifupi ya wafugaji. Sisi wa Friesland, kaskazini mwa Uholanzi, si watu wa maneno, na yeye ndiye peke yake kijijini aliyelipwa ili aongee. Lakini kipaji chake hakikuwa mimbarini. Mahubiri yake, Mungu anisamehe, yalikuwa kama uji uliosahauliwa kutiwa chumvi. Kipaji chake kilionekana pale mtu alipofiwa. Alikuwa akiegemeza baiskeli ukutani, anaingia jikoni kwa mfiwa, anaketi, kisha ananyamaza. Ukimya wake ulikuwa na nafasi ya mtu kuingia na kulia humo. Akiondoka, watu walilala usingizi.

Makao makuu ya kanisa, kwa kuona aibu kidogo, yalimlipia mshauri wa ajira mjini Leeuwarden. Mshauri huyo aliitwa Jildou Tamminga, msichana mchangamfu ambaye ofisini mwake hamkuwa na viti, mlikuwa na mipira mikubwa ya kukalia. Mchungaji aliketi juu ya mmoja akawa anadunda taratibu kama boya.

"Sasa, Sietse," alisema Jildou, maana siku hizi vijana humwita kila mtu kwa jina lake, "tusizungumzie kazi yako. Kazi inakufa. Tuzungumzie ujuzi wako. Ujuzi unahama."

"Unahamia wapi?"

"Popote. Ndiyo raha yake. Haya, kwa wiki ulikuwa unafanya nini?"

"Jumapili nahubiri. Siku nyingine nazika."

"Tusiseme kuzika. Tuseme unasimamia mabadiliko."

"Mabadiliko ya nani?"

"Ya mteja."

Mchungaji akadunda kidogo, akifikiri. "Mteja mwenyewe kwa kawaida huwa hana maoni."

"Hapo ndipo inapotakiwa busara, si ndiyo? Na kubatiza, huko tuite kupokea wateja wapya. Mwaka jana ulipokea wangapi?"

"Mmoja. Mjukuu wa mpiga kinanda."

"Basi soko lilikuwa gumu. Si kosa lako. Na hii sala, hapo unazungumza na nani hasa?"

"Na Mungu."

"Ambaye ni uongozi wa juu."

"Tunaweza kusema hivyo."

"Na huwa anakujibu?"

"Si kwa njia ya kawaida."

Jildou akaandika kwa furaha kwamba bwana huyu huwasiliana na uongozi wa juu bila kukatishwa tamaa na ukimya.

Jioni Sietse alimsomea mkewe yale yote jikoni. Hiske alikuwa mwalimu wa kuogelea, mwanamke mwenye sauti iliyozoea kuvuka bwawa zima.

"Kwa hiyo sasa wewe ni nani?" alimuuliza.

"Mimi ni msimamizi wa mabadiliko."

"Vizuri. Basi simamia mabadiliko ya hizo sahani, zilikuwa chafu nataka ziwe safi."

Usicheke. Karatasi ile ya Jildou ilifanya kazi. Haukupita muda mrefu, kiwanda kimoja cha jibini nje ya mji wa Sneek kikamwita. Mkurugenzi wake, Wiebren Roorda, alikuwa mtu mnene, mpole, mwenye kupenda amani kuliko haki. Alikuwa na shida. Ilibidi apunguze wafanyakazi, na afisa aliyekuwa na kazi ya kuwaambia alikuwa akiwasomea barua kwa haraka huku akitazama saa. Siku moja mfanyakazi mmoja akamtupia gurudumu zima la jibini la karafuu. Afisa alikuwa bado nyumbani akiuguza mbavu zake.

"Hebu nieleze," Wiebren alimwambia Sietse, "mtu akipata habari mbaya, wewe unafanyaje?"

"Nakaa naye."

"Halafu?"

"Basi. Nakaa naye tu."

Mkurugenzi alimwangalia kama mwenye njaa anavyotazama supu ya njegere. Akamwajiri hapo hapo.

Walimpa chumba chenye mmea wa kijani, birika la kahawa na boksi la karatasi laini za kufutia machozi. Kila aliyepunguzwa alipitia humo. Sietse alimkaribisha, akammiminia kahawa, akasema sentensi aliyoandikiwa na ofisi, kwamba kampuni imeamua kumwachia afungue ukurasa mpya wa maisha, kisha akanyamaza ule ukimya wake. Watu waliingia wakiwa wamekunja ngumi, wakatoka wakifuta macho na kumshukuru. Mama mmoja wa idara ya kufungasha, Aaltsje, aliyefanya kazi pale tangu usichana wake, alirudi kesho yake na mkate wa sukari aliouoka mwenyewe, zawadi kwa wote waliomfukuza.

Wiebren alifurahi hadi akawa anatembea kwa kurukaruka. "Hakuna anayetukana," alimwambia. "Hakuna mgomo. Sietse, wewe ni dawa." Na kwa kuwa kufukuza hakukuuma, akarefusha orodha ya wa kupunguzwa. Hata Jildou alisikia, akawa anamtaja kwa wateja wake wengine waliokuwa wakidunda juu ya mipira: mnaona, ujuzi ukihamishwa vizuri unachanua.

Nyumbani mambo hayakuchanua. Sietse alikuwa anakaa mezani na kunyamaza, na huu haukuwa ukimya wa kukaribisha mtu. Hiske alivumilia, kisha akasema, "Sikia, ukinuna, nuna kama mume. Usininyamazie kikazi."

"Wananishukuru, Hiske."

"Nimesikia. Ndiyo maana huli?"

Kisha likaja jina la Gosse Bangma.

Gosse alikuwa dereva wa lori la kukusanya maziwa mashambani, na pia alikuwa mtu wetu wa benchi ya pili. Sietse ndiye aliyemzika mkewe, Tryntsje. Mchungaji alipoiona orodha alikwenda kwa Wiebren kumwomba amwondoe, na Wiebren akamjibu kwa upole kabisa kwamba ingekuwa upendeleo, na upendeleo ni jambo baya.

Gosse aliingia na kofia mkononi, akamwona aliyekaa pale, uso ukamchangamka.

"Ah, ni wewe mchungaji. Afadhali. Huko nje wananitisha bure."

"Karibu, Gosse. Keti."

Gosse akaketi, akapewa kahawa. Mchungaji akanyamaza. Gosse akanywa, akatabasamu, kisha tabasamu likaanza kumpotea taratibu.

"Ngoja kwanza," alisema. "Huu ukimya naufahamu. Ulininyamazia hivi hivi jikoni kwangu."

"Ndiyo, Gosse."

"Sasa leo nani amekufa?"

Sietse akasema ile sentensi, yote, mpaka kwenye ukurasa mpya.

"Nina miaka sitini na mmoja," Gosse alisema. "Ukurasa upi huo, mchungaji? Jalada la nyuma?"

Gosse alimaliza kahawa yake, maana kwetu kahawa haimwagwi, akainuka.

"Nikwambie kitu. Kule kanisani uliwazika watu wakiwa wameshakufa. Ndiyo ilikuwa heshima ya kazi yako." Akampa mkono kwa mazoea. Alipofika mlangoni aliufuta ule mkono kwenye suruali.

Sietse alinisimulia haya baadaye, na akaniambia kwamba kilichomuuma si lile neno. Kilichomuuma ni mkono kufutwa.

Mtu aliyefuata alikuwa Douwe, kijana wa chumba cha kutilia jibini chumvi, mwenye watoto pacha. Alikuta boksi la karatasi laini limeondolewa mezani. Kahawa ilikuwapo, lakini mchungaji alikuwa amesimama.

"Douwe, unafukuzwa," alisema. "Hukukosa chochote. Mkurugenzi alinunua mashine ya kukata jibini ambayo haikati, inaponda, na hasara yake inalipwa kwa mishahara yenu. Una haki ya kupinga. Ofisi ya chama cha wafanyakazi iko ng'ambo ya mfereji, nenda sasa hivi kabla hawajafunga kwa chakula cha mchana."

"Unanitania?"

"Hapana."

Douwe akapiga teke kiti, akatukana tusi ambalo sitaliandika, akatoka mbio akiacha mlango wazi. Sietse alikiinua kile kiti, akajisikia vizuri kuliko wakati wowote tangu kanisa lifungwe. Waliofuata aliwaambia vivyo hivyo. Milango ikapigwa, birika likavunjwa, na kabla wiki haijaisha bendera za chama zilikuwa zinapepea getini, na madereva wamezima malori.

Wiebren akamwita ofisini.

"Sietse, umefanya nini?"

"Mkataba unasema nieleze mambo magumu kwa lugha nyepesi."

"Si nyepesi kiasi kile." Mkurugenzi alisogeza kalamu zake, akazipanga, akazivuruga. "Sasa kuna jambo la kumwambia mtu fulani. Na tatizo ni kwamba, jambo la namna hii, sisi kwa kawaida tungekupa wewe."

"Jambo gani?"

"La ukurasa mpya."

"Wa nani?"

"Wako."

Sietse alizitazama zile kalamu.

"Huwezi kunisaidia kidogo?" Wiebren aliuliza. "Wewe umeshazoea. Ungejiambia tu, mimi ningetia sahihi."

Hapo mchungaji akavuta kiti, akaketi, akanyamaza. Si kwa hila. Ndivyo alivyojua kukaa na mtu aliyebanwa. Wiebren akaongea habari za upepo. Akahamia bei ya maziwa. Akasema mashine ile iliuzwa kwake na shemeji yake, angekataaje. Kisha, bila kuulizwa, akaanza kumzungumzia mama yake aliyeko nyumba ya wazee, ambaye hamtambui tena na humwita kwa jina la mbwa wao wa zamani, naye huitika ili asimhuzunishe. Akalia kweli kweli, mabega yakitikisika. Sietse akampa leso yake mwenyewe.

"Nakufukuza," Wiebren alisema mwishowe, pua imeziba. "Kwa sababu umewaambia ukweli kuhusu mashine."

"Umesema vizuri."

"Imeuma."

"Inatakiwa iume," alisema Sietse, akaenda kuchukua baiskeli yake.

Chama kilivutana na kiwanda hadi Gosse akaachiwa lori lake mpaka astaafu, na Douwe akarudishwa kwenye chumvi. Aaltsje hakutaka kurudi; alisema mkate wake unauzwa vizuri sokoni. Orodha iliyobaki ilikufa yenyewe, kwa kuwa sasa ilibidi Wiebren awaambie watu kwa kinywa chake, na kila alipomwita mtu alimaliza kwa kumuuliza habari za wazazi wake na kumrudisha kazini. Mashine alirudishiwa shemeji. Nasikia hawatembeleani.

Sietse alikaa nyumbani majira yote ya baridi akichanja kuni, kisha akaenda Bolsward kwa Baukje Sinnema, mwanamke mwenye kampuni ndogo ya mazishi. Watu wasio na kanisa nao hufa, na jamaa zao huhitaji mtu wa kusema mawili matatu. Baukje alikuwa anaosha gari la maiti.

"Unajua kufanya nini?" alimuuliza bila kuacha kuosha.

"Kuzika."

"Alhamisi una nafasi?"

Alhamisi hiyo nilikwenda naye, kwa sababu walitaka muziki. Marehemu alikuwa mwalimu mstaafu aliyegombana na mtaa mzima kwa ajili ya ua wa miti uliotenganisha viwanja. Watoto wake walimwomba Sietse aseme mema tu. Alisimama, karatasi mfukoni, akasema kwamba mama huyu alikuwa mbishi, hakuomba radhi kwa kiumbe yeyote, na ua wake ulinyooka kuliko njia ya treni. Jirani aliyekuwa amemshtaki mara kadhaa akaanza kucheka, akacheka hadi akashikwa bega na binti wa marehemu, na binti naye akaangua kilio. Kisha tukanywa kahawa.

Tulirudi dhidi ya upepo, tukizisukuma baiskeli kwa mkono kwa sababu haziendesheki. Mimi nilikuwa nimechoka na nilitaka utulivu. Yeye aliongea njia nzima, habari za ng'ombe, za mvua, za Hiske na bwawa lake, hata sikupata mwanya wa kuitikia.