Mapishi ya Mume Asiyezaliwa

Siku ya Alhamisi, saa kumi na mbili kasorobo jioni, Bonareri alikuwa akimenya ndizi mbichi mlangoni pa jiko, mwanamume mmoja akaingia uani bila kubisha. Hakuwa mtu wa mlima huo. Uso wake ulikuwa haujakamilika, mfano wa uso wa mtu aliyesimama nyuma ya moshi, na migomba iliyokuwa nyuma yake ilionekana kupitia kifuani pake. Alisimama mbali kidogo, kama mgeni mwenye adabu.

"Hodi," alisema. "Mimi ni Angwenyi."

Bonareri alijipangusa utomvu wa ndizi kwa jani. "Mume wangu?"

"Nimeambiwa hivyo."

"Karibu basi. Chakula bado hakijaiva."

Walikuwa wameoana miaka miwili iliyopita. Nyamoita, mwenye boma hilo juu ya soko la Nyamache, alizaa mabinti watano, wote wakaolewa mbali. Mwana wa kiume hakumpata. Marehemu mumewe, Ratemo, alikuwa amekwisha kumchagulia mvulana jina, na jina hilo likabaki bila mtu. Kwa desturi ya Abagusii, mama wa namna hiyo aliweza kutoa mahari na kumwoza msichana kwa mwana ambaye hakuzaliwa, ili boma lisizimike. Nyamoita alitoa ng'ombe sita na fahali mmoja. Ng'ombe hao walikaa kwa kina Bonareri siku kumi na moja, kisha kaka yake akawatoa mahari, akaoa. Tangu siku hiyo Bonareri hakuwa na pa kurudi, maana kurudi kulihitaji ng'ombe, na ng'ombe walikuwa kwenye zizi la watu wengine.

Mtoni, wanawake wenzake walimtania. "Bwana ameamkaje leo?" jirani yake Nyanchera alipenda kumuuliza. "Afadhali wewe, dada. Wako halewi, hapigi mtu, na fulana zake hazichafuki." Wakacheka wote. Bonareri naye alicheka kidogo, akajitwisha mtungi, akarudi kwenye nyumba ambamo hamkuwa na mtu wa kumsimulia utani huo.

Nyamoita alirudi kutoka kukamua, akamkuta mgeni ameketi kwenye kigoda. Alimtazama, akaweka kibuyu cha maziwa chini.

"Umechelewa," alisema. "Baba yako alikungoja mpaka akafa."

"Watu walikuwa wengi, mama." Alieleza kwamba mahali wanapokaa wasiozaliwa panafanana na foleni ya zahanati, ila hakuna anayeitwa.

"Haya. Sogea motoni."

Alikuwa amekuja wakati alipohitajika. Mwaka huo wa 1970 kamati ya ardhi ilikuwa ikipita mlima hadi mlima, ikipima mashamba na kuyaandika. Karani wa kamati, Abner, alikuwa ametangaza kanisani kwamba kila shamba litaandikwa jina la mwanamume mmoja, naye ataweka alama ya kidole gumba. Boma lisilo na mwanamume, shamba lake lingeunganishwa na la ndugu wa karibu. Ndugu wa karibu alikuwa Machogu, mdogo wake Ratemo, na tayari alikuwa amepanda mkonge wa kuweka mpaka hatua ishirini ndani ya mpaka wa Nyamoita. Kamati ingefika kwao baada ya miezi miwili.

Angwenyi hakuwa na kidole gumba. Vidole vingine pia hakuwa navyo.

Jioni hiyo alikula ndizi na maharagwe, akashukuru. Hakuna kilichobadilika, isipokuwa alianza kunuka moshi.

"Unapenda nini?" Bonareri alimuuliza.

"Sijui. Sijawahi kuonja kitu."

Basi Bonareri akalitoa daftari lake la mapishi. Esnah, mwalimu wa chama cha kina mama kanisani, alikuwa amewanakilisha mapishi kutoka ofisini mjini. Yalikuwa yametungwa na mtu mwenye kabati lililojaa: siagi vijiko vinne, jibini ya kukwaruza, oveni iliyopata moto vizuri. Bonareri alikuwa na mafiga matatu, sufuria mbili, na kile ambacho shamba lilitoa wiki hiyo. Penye siagi aliweka karanga za kusaga. Penye unga wa ngano aliweka wimbi. Penye hamira aliweka magadi. Penye oveni aliweka makaa chini ya sufuria na makaa mengine juu ya kifuniko. Penye nyama aligeuza ukurasa.

Maharagwe ya kupondwa na malenge yalimpa Angwenyi sikio la kushoto. Nyamoita alisema ni sikio la Ratemo, na wiki nzima aliongea naye kwa upande huo. Kabichi ya kuchemsha bila mafuta ilimpa nusu ya unyusi tu. Bonareri akaipigia kabichi mstari mwekundu. Mkate wa wimbi na ndizi mbivu, uliookwa Ijumaa kabla jua halijatua ili Sabato isivunjwe, ulimpa kivuli. Chinsaga, yaani mgagani, iliyolala kwenye maziwa siku mbili ilimpa uzito, na kigoda kikatoa mlio alipokikalia.

Kila jioni, baada ya kula, aliuliza, "Habari za siku?"

Mwanzoni Bonareri alijibu "Njema," kama mtu anavyojibu njiani. Lakini Angwenyi aliendelea kungoja, kwa kuwa kungoja ndicho kitu alichokizoea. Ikabidi aongeze. Akamweleza kuhusu jongoo aliyemkuta ndani ya kiatu. Akamweleza alivyofaulu mtihani wa darasa la saba, akapata nafasi ya shule ya bweni, na jinsi barua ya nafasi hiyo ilivyofika wiki ileile ya ng'ombe wa mahari. Angwenyi hakumpa pole. Aliuliza bweni ni nini, kitanda chake kingekuwa upande gani, karibu na dirisha au mbali. Bonareri hakuwahi kulifikiria hilo. Walikaa wakalifikiria pamoja mpaka moto ukafifia.

Sufuria ilikuwa ileile, na shamba lilikuwa lilelile. Alichokula Angwenyi kilitoka kwenye sahani ya Bonareri, maana mama mkwe hapunguziwi. Mtoni Nyanchera alimtazama akiinama na kumwambia, "Dada, kivuli chako kimechuja kama leso kuukuu." Siku ya kupeleka maua ya pareto, karani wa mizani alipima gunia lake kavu, kisha kwa mzaha akampandisha na yeye. Mshale ukasimama palepale.

"Mko sawa," karani alisema, akaandika gunia peke yake.

Zikabaki siku kumi. Angwenyi alikuwa na vidole vinane, na mahali pa gumba pakiwa laini. Bonareri alikata mikungu miwili ya ndizi, akapanda lori hadi Daraja Mbili, akaiuza, akanunua chumvi na sabuni. Kisha akapanda mjini Kisii kwenye duka la Mhindi mmoja, Yashwant. Yashwant alikuwa akipima sukari. Mkewe Urmila alikuwa kwenye kaunta.

"Mama, nyinyi ndizi mbichi mnapikaje?" Bonareri alimuuliza.

"Bwana hapana taka chakula?" Urmila aliuliza.

"Anakula vizuri. Bado kidole gumba tu."

Urmila alitafakari. "Kidole gumu," alisema. "Gumba zaidi. Weka manjano." Akachota mbegu za rai, yaani haradali, kijiko kimoja na bizari ya manjano nusu kijiko, akafunga kwenye kipande cha gazeti. "Mafuta kidogo tu. Rai naruka, wewe funika, hapana kimbia. Alafu ndizi, alafu hii, alafu chumvi. Kama iko limau, weka. Kama hapana, acha tu." Yashwant aliinua macho kutoka kwenye mizani. Urmila akamwambia neno moja kwa Kigujarati, naye akarudi kwenye sukari yake. Bonareri alipofungua mkono kulipa, Urmila aliukunja tena.

Usiku wa kuamkia siku ya kamati, rai zikaruka. Bonareri alifunika na hakukimbia. Jiko lilijaa harufu ambayo haijawahi kuingia kwenye boma hilo, na Nyamoita alipiga chafya mara nne. Angwenyi alimaliza sahani ya kwanza, hakuna kitu. Bonareri akampa na yake. Katikati ya sahani hiyo gumba la kulia likatokea, na kucha yake ikiwa tayari imeota.

Kamati ilikaa kwenye madawati ya kanisa yaliyotolewa nje. Abner alikuwa na daftari kubwa na kibweta cha wino.

"Jina?"

"Angwenyi, mwana wa Ratemo."

"Ulizaliwa mwaka gani?"

"Sijazaliwa."

Abner aliweka kistari kwenye nafasi ya mwaka. "Wewe ni mwanamume?"

"Ndiyo."

"Weka kidole."

Machogu aliinuka. "Wazee, mtu huyu hayupo! Mimi ni baba yake mdogo, najua kwamba hayupo."

"Mzee wangu, kaa chini," Abner alisema. "Mimi siandiki watu. Naandika vidole, na kidole kipo."

Wazee wawili wa kamati walikubali kwamba kipo. Nyamoita aliuliza kama naye anaweza kuandikwa pembeni, kwa kuwa amelilima shamba hilo miaka thelathini na mmoja.

"Wewe unaishi tu hapo, mama," Abner alimjibu kwa upole. "Mwenye shamba ni huyu."

Mke wa Angwenyi aliitwa aweke alama kama shahidi. Bonareri alibonyeza gumba lake kwenye wino, kisha kwenye karatasi. Likatoka doa jeusi lisilo na mstari hata mmoja. Abner alimwambia apanguse na kujaribu tena. Mara ya tatu ikawa vilevile, laini kama ganda la yai.

"Basi, acha," Abner alisema. "Mke si lazima."

Walirudi nyumbani kwa miguu. Nyamoita alitangulia, akiimba, akisalimia mpaka watu aliokuwa amewanunia. Angwenyi alitembea nyuma na Bonareri, akilitazama gumba lake lenye wino.

"Hapa pana kovu," alisema. "Nililipata wapi?"

"Kwa kisu. Nilikuwa namenya ndizi, nikiwa darasa la nne."

"Wewe?"

"Mimi."

Alishika mkono wa Bonareri, akaugeuza, akaona gumba tupu.

"Nilikuwa nakula wewe," alisema.

"Ulikuwa na njaa."

"Na wewe?"

Bonareri alikifumbata kidole kile kiganjani.

"Siwezi kukirudisha," Angwenyi alisema. "Wala sijui kukataa chakula. Huko nilikokuwa hatukufundishwa, hakuna aliyetuletea. Kwa hiyo wewe niahidi. Usinipikie tena."

"Utarudi kwenye foleni."

"Nitarudi."

"Nani ataniuliza habari za siku?"

Angwenyi alifikiri. Alikuwa amekula miezi miwili tu, na majibu mengi yalikuwa hayajamfikia. "Niahidi," alisema tena.

"Naahidi."

Siku iliyofuata Bonareri alipika chakula cha watu wawili. Angwenyi alikuja jioni kama kawaida, akaketi, akauliza habari za siku, akaambiwa. Jumapili hakuwa na miguu. Jumatatu kigoda kiliacha kulia.

Jumatano mchana askari wa chifu alileta notisi. Wenye mashamba yaliyoandikwa wafike kesho asubuhi, waweke kidole, wapewe miche ya chai mia nne. Atakayekosa, miche yake atapewa jirani. Nyamoita alimsikiliza askari mpaka mwisho, akamfuata Bonareri jikoni.

"Sahani moja tu," alisema. "Nilimwangalia jana. Gumba bado lipo, ni la kuongezewa kidogo. Chai inalipa kila mwezi, mkamwana. Tutaezeka mabati."

"Nilimwahidi, mama."

"Ulimwahidi nani?"

"Yeye mwenyewe."

"Yeye ni mwanangu." Sauti ya Nyamoita ilishuka. "Wewe umemngoja miaka miwili. Mimi nilimngoja tangu nikiwa na meno yote."

Lilikuwa neno la kweli. Bonareri aliwasha moto. Daftari hakulifungua. Alikata ndizi, akachuma majani ya malenge, akaongeza karanga za mwisho na punje za rai zilizokuwa zimebaki kwenye mikunjo ya gazeti. Alipakua sahani mbili, moja ya mama mkwe na moja yake, zikiwa sawa. Akakwangua sufuria mpaka ikang'aa.

Angwenyi alifika jua likizama. Kilichobaki kwake kilikuwa sauti, sikio la kushoto na lile gumba.

"Leo ni nini?"

"Sijakipa jina."

"Kinanukia."

"Ndiyo."

Nyamoita aliitazama sahani yake, akaisukuma polepole kwenye mkeka hadi mbele ya kigoda. Gumba likasogea. Bonareri aliinuka, akaichukua sahani kabla halijaigusa, akairudisha mapajani mwa mama mkwe wake na kumshikisha kwa mikono miwili.

"Kula, mama."

"Kesho watampa Machogu."

"Watampa."

Bonareri aliketi, akaanza kula. Alikula taratibu, akitafuna kila kitu, macho ya mama mkwe yakiwa juu yake.

"Habari za siku?" Angwenyi aliuliza.

Alimweleza, chakula kikiwa mdomoni. Alimweleza kuhusu askari na viatu vyake vilivyofungwa kwa kamba ya katani, na kwamba ameamua kitanda kile cha bweni kingekuwa karibu na dirisha, safu ya pili. Alingoja aulizwe dirisha hilo lingetazama wapi. Hakuulizwa. Akaendelea hata hivyo, akasema lingetazama bustani ya shule, na akala mpaka sahani ikabaki nyeupe.

Katika daftari la Abner mwenye shamba alikuwa Angwenyi, mwana wa Ratemo. Chini ya jina hilo palikuwa na kovu dogo lililosomeka vizuri.

Nyamoita alikuwa wa mwisho kumaliza. Alipangusa sahani kwa kidole, akakilamba.

"Chumvi imetosha," alisema.